Krosi Mpya, Mlio Uleule: Uchambuzi wa Kisa cha Propela ya Mbele ya Prado Moja Jijini Mwanza

Gari linalozungumziwa hapa ni Toyota Land Cruiser Prado ya mfululizo wa 90, ile ya milango mitano, yenye injini ya dizeli na gia za mkono, mali ya mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa ambaye kazi yake humpeleka mara kwa mara kwenye mialo ya Igombe na Kayenze, na siku nyingine kuvuka kwenda Sengerema. Lililetwa kwetu Nyakato likiendeshwa na kijana wake, na malalamiko yakiwa yameandikwa kwenye karatasi ya daftari la mauzo kwa mpangilio mzuri kuliko kadi nyingi za kazi nilizowahi kupokea. La kwanza lilikuwa mlio mzito wa kugonga chini ya sakafu, ambao husikika gari linapomalizia kusimama na kurudi tena linapoanza kuondoka. La pili lilikuwa mvumo unaosikika nyayoni kuanzia kilomita 70 kwa saa, unaozidi hadi kufikia 90, kisha kulegea kidogo. Aliongeza kwamba mvumo huo aliutambua vizuri alipovuka Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, kwa sababu njia ya pale ni laini na hakuna kelele nyingine ya kuufunika.

Historia ya matengenezo ilikuwa na uzito kuliko malalamiko yenyewe. Krosi za propela ya mbele, yaani viungo vya kupinda kwenye ncha za ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini mbele, zilikuwa zimebadilishwa katika gereji nyingine, na baada ya miezi michache zikabadilishwa tena palepale. Kila mara gari lilitulia kwa wiki kadhaa, kisha mlio ukarudi kwanza na mvumo ukafuata. Aliporudi mara iliyofuata aliambiwa kwamba sasa zinatakiwa draivu shafti zote mbili za mbele, na hapo ndipo alipokataa kutoa fedha mpaka apate maoni ya pili.

Ushauri huo wa mwisho ulichanganya vyombo viwili tofauti, kwa hiyo ni vyema mfumo ukaelezwa kwanza. Katika Prado hii nguvu ya injini hupita kwenye gia boksi na kuingia transfa, ambayo huigawa mbele na nyuma muda wote. Haina hali ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake kama zilivyo Land Cruiser za aina ya Hardtop zenye habu za kufunga na kufungua magurudumu ya mbele. Kutoka transfa, propela moja huenda difu ya nyuma na nyingine huenda difu ya mbele, difu ikiwa boksi la meno linaloyagawia nguvu magurudumu ya kushoto na kulia. Draivu shafti ni zile mbili zinazotoka pembeni mwa difu ya mbele kwenda kila gurudumu, zikiwa na sivi jointi, yaani viungo vyake vya kupinda, na mipira ya kuvifunika. Propela huzunguka haraka zaidi kuliko gurudumu, kwa kuwa difu huipunguza kasi hiyo takriban mara nne. Kwa tairi za 265/70R16, gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, gurudumu huzunguka karibu mara 550 kwa dakika wakati propela inazunguka zaidi ya mara 2,000. Tofauti hiyo ni kipimo cha bure. Kasoro ya tairi au rimu huja kama mtikisiko mzito unaoutingisha usukani, ilhali kasoro ya propela huja kama mvumo mwembamba wa haraka unaopanda sakafuni na kwenye kiti, na kukifanya kioo cha ndani kionyeshe magari ya nyuma kama yaliyofunikwa na ukungu.

Tulianzia barabarani, kutoka Igoma kuelekea Kisesa. Kwenye mwendo wa 85 dereva alikanyaga klachi, akaweka gia huru na kuiacha injini ishuke mpaka silensa, yaani mzunguko wake wa chini kabisa. Mvumo haukushuka pamoja na injini, bali ulipungua taratibu kadiri gari lenyewe lilivyopunguza mwendo, na kwa jambo hilo peke yake injini, klachi na mauntingi (mipira inayoshikilia injini na gia boksi) zilipungua sana katika orodha ya washukiwa. Tuliporudi uani tulizungusha usukani hadi mwisho, kulia kisha kushoto, na kuliendesha gari polepole katika duara. Sivi jointi ya nje iliyochakaa hutoa mlio wa ta-ta-ta katika hali hiyo. Hapa hapakuwa na kitu. Mipira yote minne ilikuwa mizima, na ndani ya rimu na kwenye mikono ya chini hapakuwa na grisi iliyorushwa. Kwa maneno mengine, draivu shafti ambazo mama aliambiwa azinunue hazikuonyesha dalili hata moja ya ugonjwa.

Chini ya gari kazi ilihitaji utulivu zaidi. Magurudumu yalizuiwa kwa mawe mbele na nyuma, breki ya mkono ikavutwa, gia ikaachwa huru. Fundi akiishika propela na kuizungusha huku na huku, lazima itacheza kidogo, kwa sababu meno ya difu na ya transfa yameachiwa nafasi tangu kiwandani. Wengi huishika, wakaona inacheza, wakatangaza kwamba krosi zimekwisha. Swali sahihi ni kama sehemu mbili zinazopaswa kwenda pamoja zinaachana. Ili kulijibu tulichora mistari mitatu ya chaki, mmoja ukivuka krosi ya upande wa transfa, mwingine ukivuka krosi ya upande wa difu, na wa tatu ukivuka pale ambapo nusu moja ya propela inaingia ndani ya nyingine kwa meno ya kuteleza. Tulipoizungusha kwa mikono miwili, mistari ya kwenye krosi ilibaki imenyooka. Mstari wa tatu ulikatika: nusu ya juu ya chaki ilihama karibu unene wa mstari wenyewe kabla nusu ya chini haijaanza kuifuata. Kisha tulisukuma sehemu hiyohiyo juu na chini, nayo ikaitikia kwa mlio mdogo mkavu. Flenji ya transfa na ya difu, yaani mabamba ambayo propela hufungwa kwayo, zilisukumwa vilevile na hazikuonyesha pleyi (kulegea) ya beringi, ingawa chini ya sili ya transfa palikuwa na unyevu wa oili.

Lilibaki jaribio moja la kuthibitisha. Propela ya mbele hufunguliwa kwa nati na bolti za spana namba 14, na kuitoa si kazi ya kutisha. Kabla ya kulegeza chochote tuliweka alama kwa patasi kwenye flenji na kwenye nusu zote mbili za meno. Mwenye gari alitueleza kwamba gereji iliyotangulia nayo iliwahi kuitoa, lakini gari likagoma kutembea, wakairudisha na kusema kwamba Prado haiwezi kujaribiwa kwa namna hiyo. Inaweza. Katikati ya transfa kuna difu ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, na propela ya mbele ikiondolewa nguvu yote hukimbilia kwenye flenji iliyobaki wazi, ambayo huzunguka bure huku gari likisimama. Dawa yake ni kuipeleka gia ndogo, ule mkono wa transfa, kwenye HL, yaani kuifunga difu hiyo ya kati, na gari litasukumwa na magurudumu ya nyuma. Tulifanya hivyo, tukarudi njia ileile ya Kisesa, na sakafu ikawa kimya mpaka 95. Mlio wa kuondoka nao ulikuwa umetoweka. Hapo ndipo tulipompigia mama simu, kwa sababu sikupenda kuzungumzia fedha kabla ya jaribio hilo.

Propela iliyokuwa mezani ilijieleza yenyewe. Krosi zote mbili zilikuwa nzuri, zikikunjika kwa ulaini pande zote bila kunasa katikati. Mafundi waliotangulia walikuwa wamezifunga vizuri, na haki yao wapewe. Tulipozitenganisha nusu mbili, kilichotoka hakikuwa grisi bali uji mgumu wa rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, uliosagika kwa vidole kama unga na kuacha chembe za mchanga. Rangi hiyo ni kutu laini inayozaliwa pale chuma kinaposuguana na chuma kwa mwendo mdogo sana unaojirudia bila kilainishi. Meno ya nusu ya ndani yaling'aa upande mmoja tu, na ukucha ukipitishwa kutoka mwisho kuelekea katikati ulinasa kwenye ngazi ndogo, mahali uso mzima ulipokutana na uso uliolika. Nusu ya nje ilikuwa na alama zilezile kwa ndani.

Je, kwa nini krosi mpya zilileta nafuu? Jibu liko kwenye pampu ya grisi. Kila zilipobadilishwa, fundi alipiga grisi kwenye chuchu zote za propela, ikiwamo ya meno ya kuteleza. Grisi mpya ilijaza nafasi iliyolika, ikaziba mlio na kutuliza mtikisiko, mpaka iliposukumwa nje na kukauka. Krosi ndiyo sehemu ya propela yenye jina, boksi na bei dukani, kwa hiyo ndiyo inayobadilishwa. Meno hayauzwi peke yake kwenye rafu, na kwa sababu hiyo ni wachache wanaoyakagua. Huo si ujinga. Ni mazoea ya kununua kinachonunulika.

Suala la chanzo lilinishughulisha zaidi, kwa sababu propela ya pili ingekufa kwa ugonjwa uleule kama chanzo kingeachwa. Sehemu ya kwanza ni umbo la gari lenyewe. Katika Hardtop, ekseli ya mbele hupanda na kushuka pamoja na magurudumu, hivyo meno ya propela huteleza mwendo mrefu na kuisambaza grisi. Katika Prado hii difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi, wala haipandi wala haishuki, na kinachobaki ni mwendo mdogo unaotokana na injini na gia boksi kucheza juu ya mauntingi zake. Meno husuguana mahali palepale kwa miaka, na grisi ikishasukumwa kando hairudi.

Sehemu ya pili ni mwalo. Maji ya Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi ya kula chuma kama ya Tanga au Mtwara, na kwa hilo magari ya huku yana bahati. Lakini kijana alitueleza kwamba wakiwa Kayenze gari hurudishwa nyuma hadi maji yanapogusa matairi ya nyuma ili kupakia, na si mara moja wavuvi huomba msaada wa kuvuta mtumbwi mzito kuupandisha mchangani. Akitoka huko, gari huoshwa kwa mashine ya presha na kupuliziwa dizeli chini ili ling'ae. Dizeli huyeyusha grisi, presha husukuma mchanga pale sili ilipolegea, na mwenye gari hulipia kazi hiyo kwa moyo mkunjufu akidhani anaitunza chesisi.

Sehemu ya tatu ilijitokeza nilipomuuliza kijana kuhusu gia ndogo. "Fundi, mimi nikishaiweka HL kule mchangani siirudishi mpaka nyumbani," alijibu, "maana kile kilima cha Bugando bila HL gari linakuwa zito." Tulikaa naye kwenye benchi kwa muda. HL haiongezi nguvu ya kupanda hata kidogo, kwa kuwa uwiano wa gia unabaki uleule. Inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu ni LL. Kinachofanywa na HL ni kuilazimisha propela ya mbele na ya nyuma zizunguke sawa. Mchangani au kwenye udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika hakuna ubaya, kwani tairi zinateleza na kusamehe tofauti. Kwenye lami kavu, gari likikata kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa difu ya kati imefungwa, tofauti hiyo haina pa kwenda ila kujikunja ndani ya propela, krosi na meno, mpaka tairi moja iruke au chuma kisogee. Jambo hilo lilikuwa limefanyika kwenye kila kona kati ya mwalo na katikati ya jiji, huku taa ya kwenye dashibodi ikiwaka bila kuulizwa. Isitoshe, tairi za nyuma zilikuwa mpya na za mbele zimeisha nusu, hivyo hata njia ilipokuwa imenyooka kipenyo cha mbele na cha nyuma hakikulingana.

Njia za kutengeneza zilikuwa kadhaa, na mama alitaka kuzisikia zote. Ya rahisi kwa macho ilikuwa kuyapeleka meno kwa fundi wa kukereza vyuma, ajaze kwa kuchomelea kisha ayachonge upya. Mwanza ina wakerezaji hodari, na kazi nyingi za mashine za mpunga na boti nisingezipeleka kwingine. Kwa propela, hata hivyo, nilikataa, kwa sababu joto la kuchomelea huulainisha uso uliotiwa ugumu kiwandani na huweza kupinda bomba, na bomba lililopinda kidogo tu halivumiliki kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Njia ya pili ilikuwa kupata nusu moja yenye meno mazuri na kuiunga na nusu ya zamani. Hiyo ingekuwa kuoanisha jino zima na tundu lililolika, na tundu ndilo lingeshinda. Ya tatu ilikuwa kuendelea kutembea kwa HL bila propela ya mbele. Kwa siku chache za kusubiri spea sina tatizo nayo, lakini mzigo wote huhamia propela na difu ya nyuma, na mwaloni gari lingekwama siku ya kwanza. Ikabaki propela nzima, mpya au ya mtumba. Mpya ilihitaji kuagizwa, na bei yake ilimfanya mama acheke kwa sauti, kwa hiyo tukaenda kutafuta ya mtumba.

Duka la kwanza lilitupa propela iliyopakwa rangi nyeusi inayong'aa. "Fundi, hii imeshuka juzi, haijaguswa," muuzaji alisema. Rangi ilikuwa imeziba hata chuchu za grisi, na sehemu ambazo mtu angetaka kuzitazama ndizo zilizokuwa na rangi nene zaidi. Tulimshukuru, tukaenda mbele. Ya pili ilikuwa chafu, na uchafu wake ulikuwa wa kweli. Tulipima urefu kutoka uso wa flenji hadi uso wa flenji ikiwa imefungwa, kwa sababu propela za Prado zinazofanana kwa macho hupishana urefu kutegemea gia boksi na injini. Tulilinganisha matundu ya bolti na ile ya zamani tuliyokuwa tumeibeba. Tulipitisha kiganja kwenye bomba kutafuta mbonyeo, na tukahakikisha kwamba vile vipande vidogo vya chuma vya kusawazisha uzito bado vimeng'ang'ania; kikidondoka kimoja, mvumo hauna dawa ya spana. Mwisho niliomba ruhusa ya kuzitenganisha nusu mbili pale pale kaunta. Muuzaji hakufurahi, lakini alikubali. Meno yalikuwa na kingo kamili pande zote mbili, na grisi ilikuwa bado nyeusi na laini.

Katika kufunga, jambo lililohitaji uangalifu ni mkao wa nusu moja dhidi ya nyingine. Krosi inayofanya kazi kwa pembe haizungushi kwa kasi iliyo sawa. Huongeza na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko, na krosi ya pili huwekwa ili kulifuta kosa la ya kwanza. Ukizirudisha nusu mbili kwa mkao mwingine, makosa hayo hujumlishwa badala ya kufutana. Mafundi wengi hufundishwa kwamba masikio (zile ncha za propela zinazoshika krosi) ya pande zote mbili lazima yakae mstari mmoja, na kwa propela nyingi ni kweli, lakini Land Cruiser ya mfululizo wa 80 ilitoka kiwandani na propela ya mbele ambayo masikio yake yamepishana robo mzunguko, na waliojitia kuirekebisha walijiletea mtetemo. Kwa hiyo sheria yetu ni alama na si masikio: tulitia alama kabla ya kuitenganisha dukani, tukailinganisha na mkao wa ile ya zamani, tukairudisha hivyohivyo. Nyuso za flenji zilisuguliwa mpaka zikabaki chuma kitupu, kwani hata punje ya kutu ikibanwa hapo huipeleka propela upande. Nati zilikazwa kwa kupishana na kumaliziwa kwa spana ya kipimo.

Kwenye grisi kuna kosa la ukarimu. Krosi hupigwa grisi ya lithiamu ya daraja la NLGI 2 mpaka ya zamani itokeze kwenye sili zote. Meno ya kuteleza hayatakiwi kufanyiwa hivyo. Chumba chake hakina pa kutolea, na ukiendelea kupampu propela huanza kurefuka. Hapo ndipo pa kuacha. Ikijazwa kupita kiasi, grisi inageuka kuwa jeki ndani ya bomba, na gia boksi ikitaka kusogea itaisukuma beringi ya transfa.

Gari lilipojaribiwa, mlio wa kuondoka haukuwapo na sakafu ilikuwa kimya, lakini usukani ulitikisika kwenye 80. Kijana alikunja uso. Kwa kuwa mtikisiko ulikuwa mzito na wa usukani peke yake, hatukuigusa propela. Tulitoa magurudumu ya mbele na kukuta udongo mweusi wa mbugani umekauka ndani ya rimu kwa upande mmoja, mgumu kiasi cha kuhitaji bisibisi kuubandua. Baada ya kuusafisha, usukani ulitulia.

Mama aliambiwa apige grisi kila anapobadilisha oili ya injini, na pia ndani ya siku moja kila gari linapoingia majini, asiruhusu dizeli kupuliziwa chini, na tairi za mbele azinunue kabla ya masika. Kijana amebandika kipande cha plasta ya karatasi pembeni mwa gia ndogo, kimeandikwa "LAMI = H", H ikiwa nafasi ya kawaida ambayo difu ya kati haijafungwa. Nati za flenji zilikaguliwa upya gari liliporudi kutoka Sengerema na hakuna iliyolegea. Sili ya transfa bado inatoa unyevu; haijafikia kudondosha, na tumekubaliana kuibadilisha siku gari litakapokuja kwa ajili ya klachi, kwa kuwa propela itafunguliwa siku hiyo kwa vyovyote.